Kubadilisha Kava la Gia Lililochanika: Anza na Mpira wa Chini

Ngozi inayozunguka liva ya gia haina mapumziko. Kila ukitoka gia ya kwanza kwenda ya pili inakunjika, ukirudi inakunjika tena, na daima kwenye mistari ileile. Dereva anayetoka Mbagala asubuhi kuja mjini kwa Barabara ya Kilwa anaikunja mara nyingi sana kabla hajafika Bendera Tatu. Ongeza jua la Dar linalopenya kioo cha mbele gari likiwa limeegeshwa kutwa nzima bila kivuli, jasho la mkono na vumbi linalojipenyeza kwenye mikunjo, na utaelewa kwa nini ngozi hiyo hukauka, ikapasuka kwenye kona, kisha ikafunguka yote.

Wengi wakiona kava limechanika huenda kununua jingine, wakalivika juu ya lile bovu, basi. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Kava unaloliona ni pambo. Kazi inafanywa na mpira uliofichwa chini yake, na huo hakuna anayeukumbuka kwa sababu hauonekani. Kama umeshafungua kava, umebakiza kazi ndogo tu kuufikia mpira, kwa hiyo ukague, na ukiwa umechoka ubadilishe hapohapo.

Mpira wa chini unaziba tundu ambalo liva inapitia kwenye sakafu ya gari. Unazuia vumbi, kelele, joto la gia boksi, maji yanayorushwa na matairi wakati wa masika na, kubwa kuliko yote, moshi wa ekzosi. Kwenye gari kama Hilux, Land Cruiser za kazi au Suzuki Jimny, liva inaingia moja kwa moja juu ya gia boksi. Tundu lake ni kubwa, na ekzosi inapita jirani. Mpira ukipasuka hapo na ekzosi nayo ikawa inavuja, moshi unaingia ndani ya gari. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na ukiwa umefunga vioo kwa ajili ya kiyoyozi huna namna ya kuitambua. Kwenye gari dogo linalovutwa na matairi ya mbele, kama Starlet au Corolla, liva inavuta kebo zinazokwenda mbele kwenye gia boksi, kwa hiyo uwazi wa chini ni mdogo na hatari imepungua. Hata hivyo vumbi na kelele havikosi njia.

Mwongozo huu ni wa gari lenye klachi. Gari nyingi za otomatiki hazina kava la aina hii, na zile zilizo nalo nitazigusia tukifika kwenye kirungu, yaani kile kichwa cha liva unachokishika.

Kagua kabla ya kununua

Shika kava kwa juu, livute kidogo au lipandishe, umulike ndani kwa tochi ya simu. Utaona mpira mweusi wenye mikunjo kama ya kinanda cha mkononi, umekumbatia chuma cha liva kwa juu na umebanwa sakafuni kwa chini. Ubonyeze kwa kidole. Mpira mzima unarudi wenyewe. Uliochoka ni mgumu, una nyufa nyembamba ndani ya mikunjo, au umeshaachana kabisa na chuma. Dalili nyingine utazipata barabarani: mlio wa gia boksi unasikika wazi kuliko zamani, hewa ya moto inapanda karibu na goti la kushoto la dereva, au ukipita barabara ya vumbi ya Goba au Chanika unakuta unga mwekundu umetuama kuzunguka liva wakati vioo ulikuwa umefunga.

Ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari, tafuta kwanza ekzosi inapovuja. Mpira mpya utazuia moshi usiingie kwa wingi, lakini ugonjwa wenyewe uko chini, na utakuwa umeufunika tu.

Tikisa pia liva yenyewe ikiwa kwenye gia huru. Ikicheza ovyo huku na huku, au ukipata shida kuitafuta gia ya pili, huenda bushi ya plastiki iliyo mwishoni mwa liva au kwenye ncha za kebo imekwisha. Bushi ni kitu kidogo na cha bei nafuu. Kinachogharimu ni kufungua. Kwa kuwa utafungua hata hivyo, inunue siku hiyohiyo.

Mahali pa kupata na kitu cha kuchagua

Mpira wa chini nunua mpya. Sikubaliani na mtu anayenunua mpira wa mtumba uliotoka Japani pamoja na nusu ya gari: mpira unazeeka hata ukiwa umekaa rafu, na huo umeshazeeka miaka mingi kabla ya kupanda meli. Nenda Gerezani, Kariakoo, ukiwa na namba ya chesisi uliyoiandika kutoka kwenye kadi ya gari au kwenye kibao kilichomo ndani ya boneti. Namba hiyo ndiyo inayomwezesha muuzaji kujua gia boksi yako ni ipi. Gari mbili zenye jina moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa na gia boksi tofauti, na mpira wa moja ukawa mkubwa kwa nyingine. Ukiweza, mpelekee picha ya mpira wa zamani pamoja na vipimo vya sehemu ya chini, urefu kwa upana. Kwa Land Cruiser na Jimny nyingi kumbuka kuna liva ya pili ya kuingiza matairi yote, nayo ina mpira wake.

Kava la juu lina njia kadhaa. Ukipata jipya la kampuni iliyotengeneza gari lako, umemaliza, ingawa kwa gari la zamani si rahisi kulipata. Yapo pia yaliyoshonwa tayari ya kuenea kila gari, yenye zipu au mkanda wa kunata nyuma ili uyavike bila kutoa kirungu. Hayo siyashauri. Zipu inafunguka, chini halishiki fremu ya plastiki inayobana kava, na baada ya muda mfupi linaanza kuteleza kila unapoingiza gia. Njia ninayoipenda ni kushona jipya kwa kutumia la zamani kama kielelezo. Ukiwa na cherehani nzito nyumbani unaweza kushona mwenyewe. Kama huna, fundi wa siti za gari au fundi viatu mwenye mashine ya ngozi atakushonea kwa muda mfupi, mradi umpe vipande vilivyokatwa vizuri.

Kuhusu ngozi yenyewe: chagua ngozi halisi, laini, yenye unene wa karibu milimita 1. Ngozi nene ya mkanda au ya kiatu itakataa kukunjika na itakuwa inaisukuma liva. Ngozi ya plastiki inapendeza siku ya kwanza, lakini joto linaipunguzia ule ulaini, inakakamaa, kisha inapasuka kwenye mikunjo, yaani palepale la kwanza lilipopasukia. Ukikosa kipande kizuri dukani, pita Karume kwenye mitumba utafute jaketi la ngozi. Mgongo wa jaketi unatoa kava la gia na la breki ya mkono, na ngozi ya jaketi ndiyo yenye ulaini tunaoutaka. Iangalie kwenye ukingo uliokatwa au kwa ndani ya mfuko: ngozi halisi inaonyesha nyuzinyuzi zake zenyewe, ya plastiki ina kitambaa kilichofumwa kwa nyuma.

Uzi uwe wa polista wa kushonea ngozi au viatu. Uzi wa pamba unaoza kwa jasho na unyevu wa pwani.

Vifaa

Bisibisi ya nyota na bisibisi bapa, plaizi, soketi namba 10 na 12, tepu ya karatasi, kisu kikali chenye wembe wa kubadilisha, chaki, tai za plastiki za kufungia nyaya, gundi ya viatu, stepla kama fremu yako ilitumia pini, maji yenye sabuni kidogo, kitambaa safi, na kijiti cha plastiki au cha mbao kilichochongwa bapa kwa ajili ya kubanjulia. Usibanjue plastiki kwa bisibisi tupu. Plastiki za gari zilizoiva na jua zinaingia alama au kumeguka. Ukilazimika kuitumia, ivike ncha tepu kwanza.

Hatua ya kwanza: liweke gari salama

Liegeshe mahali tambarare, kivulini. Kivuli ni kwa ajili yako, ingawa plastiki yenye joto kiasi hubanjuka vizuri kuliko iliyo baridi. Zima injini, vuta breki ya mkono, kisha weka jiwe au gogo mbele na nyuma ya tairi moja. Usiliache jiwe kwa kuwa breki ya mkono ipo: kazi yote utaifanya liva ikiwa kwenye gia huru, na huenda ukaigusa au kuilegeza breki hiyo wakati unafungua boksi la katikati, lile la plastiki lililo kati ya siti za mbele.

Kava pekee halihitaji kuchomoa betri. Lakini kama gari lako linakulazimu kufungua boksi lote la katikati, chomoa tominali hasi na usubiri. Kwenye gari nyingi kompyuta ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, imefungwa sakafuni chini ya boksi hilo. Toyota huagiza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kuchomoa betri. Mimi ningekuambia unywe chai kwanza. Ukikutana na plagi za waya za njano, hizo ni za eabegi. Usizivute, usizipime umeme, zipitishie mbali.

Hatua ya pili: kirungu

Hapa ndipo watu huharibu, kwa hiyo nenda taratibu. Kwanza piga picha ya kila kitu kilivyo, hasa upande ambao namba za gia zimeelekea.

Gari nyingi za Kijapani zina kirungu kinachofunguka kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Kikishike kwa kiganja kizima na kipande cha mpira au kitambaa kinachonata, ukizungushe kwa nguvu ya polepole. Angalia kwanza chini yake kama kuna nati inayokibana. Ikiwepo, ishike nati kwa spana huku ukizungusha kirungu. Kikigoma, kifunge kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, subiri dakika chache, kisha ujaribu tena. Usikibane kwa plaizi. Unaweza kukifungua ndiyo, lakini utabaki na kirungu chenye meno ya plaizi miaka yote.

Kama ulikuwa unafikiria kuweka kirungu kipya, chunga nyuzi zake. Toyota hutumia kwa kawaida M12 kwa 1.25 (upana wa milimita 12, nyuzi zikiachana milimita 1.25), Nissan M10 kwa 1.25, Honda M10 kwa 1.5. Cha Honda kitaanza kuingia kwenye liva ya Nissan kisha kitakwama, na ukilazimisha utaua nyuzi za vyote viwili.

Gari za Ulaya zina mambo yake. Kirungu cha BMW nyingi hakizungushwi. Kinavutwa kwenda juu kwa nguvu nyingi, na kikitoka kinatoka ghafla. Weka uso wako pembeni, kwa sababu mkono utaruka pamoja nacho. Volkswagen nyingi zinatoa kirungu na kava kwa pamoja: unabanjua fremu chini, unaligeuza kava nje-ndani, na utakuta klipu ya chuma imebana shingo ya kirungu. Klipu hiyo ni ya kutumika mara moja, unaikata na kuweka nyingine. Ukiona pete ya kuinua ili uingize rivasi, jua ina waya au kijiti kinachoshuka ndani ya liva. Angalia kilivyoshikwa kabla ya kuvuta chochote, na hakikisha kava jipya litakaa chini ya pete na si juu yake.

Kwa otomatiki zenye kava, kirungu mara nyingi kimeshikwa na skrubu mbili ndogo za nyota mbele au nyuma ya shingo, au na kola unayoishusha kwanza, na huenda kuna waya wa kitufe ndani. Kutoa liva kwenye P inabidi uwashe swichi na kukanyaga breki, au ubonyeze kile kitufe kilichoandikwa SHIFT LOCK pembeni yake. Jiwe kwenye tairi hapo ni lazima.

Hatua ya tatu: toa kava na fremu yake

Kava halikushikwa na gari moja kwa moja. Limeshikwa na fremu ya plastiki, na fremu ndiyo inayojibana kwenye boksi kwa klipu. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka ukingo ili usiupare, ingiza kijiti upande wa nyuma, banjua hadi usikie klipu ya kwanza ikiachia, kisha songa kidogokidogo kuzunguka. Klipu nyingi ziko kwenye pande mbili ndefu. Ikiwa upande mmoja umegoma kabisa, simama na utafute skrubu iliyofichwa chini ya kikombe cha soda au chini ya kipande cha plastiki kilicho mbele. Anayevunja klipu mara nyingi ni yule aliyeamini kuwa bado nguvu haijatosha.

Fremu ikitoka, kabla hujachomoa pini au kubandua gundi, chora kwa chaki mshale wa kuelekea mbele ya gari, upande wa ndani wa ngozi. Kava linaonekana sawa pande zote likiwa mkononi, lakini karibu kila mara upande wa mbele na wa nyuma haulingani urefu.

Hatua ya nne: mpira wa chini

Safisha kwanza. Kuzunguka mpira utakuta mchanga, sarafu, maganda ya karanga. Tumia brashi na mashine ya kufyonza vumbi kama ipo, au kitambaa kibichi. Usipulizie hewa, utausukuma uchafu chini.

Mpira umebanwa sakafuni kwa pete au bamba la chuma lenye bolti nne au zaidi, nyingi za soketi namba 10. Zilegeze zote kidogokidogo kwa kuzunguka badala ya kumaliza moja kwanza. Bolti zilizoshika kutu zipulizie mafuta ya kulegezea na usubiri. Sakafu ya bati ni nyembamba na bolti ikikatika hapo kazi inageuka kuwa ya mtu wa kuchomelea. Vuta mpira wa zamani upite juu ya chuma cha liva, kisha haraka uzibe uwazi kwa kitambaa safi. Kwenye gari ambalo liva inaingia juu ya gia boksi, chembe ya mchanga au bolti ikianguka ndani ni balaa.

Kama utabadilisha bushi, huu ndio wakati wake. Kwenye gia boksi nyingi za Toyota za magurudumu ya nyuma, liva imeshikwa na kofia unayoibonyeza chini na kuizungusha ili iachie. Liva inatoka nzima, bushi ya zamani inavuliwa kwenye ncha, mpya inavikwa ikiwa na grisi kidogo. Ukiona sehemu hiyo inakutia wasiwasi, mwite fundi gia boksi kwa kazi hiyo moja, umeshamrahisishia.

Mpira mpya upake maji ya sabuni kwa ndani, kwenye mdomo wa juu, kisha uteremshe. Usitumie grisi, oili wala mafuta ya mgando: mafuta yatokanayo na petroli yanaufanya mpira uvimbe na kulegea. Hakikisha mdomo wa juu umekaa kwenye mfereji au kwenye alama ileile ya zamani na haujakunjamana. Rudisha bamba, kaza bolti kwa mshazari, nguvu ya kiasi. Lengo ni mpira ubanwe pande zote sawa, si kuuponda.

Sogeza liva gia zote ukiwa unaangalia. Mpira unatakiwa ukunjike na kukunjuka bila kuvutika hadi mwisho na bila kuchomoka juu.

Hatua ya tano: kata na shona

Chukua kava la zamani, lifumue mishono yote kwa kisu kikali, utapata vipande viwili au vinne. Kabla ya kufumua weka namba kila kipande na chora mistari midogo ya chaki inayokatiza mshono, ili ujue baadaye nukta ipi inakutana na ipi. Vilaze juu ya karatasi ngumu, uvinyooshe kwa kiganja, uchore.

Ngozi iliyokaushwa na jua hupungua. Ukinakili kipimo chake kilivyo, kava jipya litakuwa fupi na litaivuta liva. Ongeza kidogo kwenye urefu wa pande zote, halafu uhakiki kwa vitendo: shona kwa kubana pini au kwa mishono mikubwa kielelezo cha kitambaa chochote chakavu, kivike kwenye liva, uingize gia zote. Gia ya tano na rivasi ndizo zinazovuta zaidi kwa kuwa ziko kona za mbali. Kitambaa kikikaza hapo, ongeza. Kava linalobana halikukeri kwa macho tu. Linairudisha liva nyuma taratibu, na kwenye gia boksi iliyochoka gia inaweza kuchomoka. Kwa upande mwingine, ukilipa nafasi kupita kiasi litalala kama mfuko na kujikunja chini ya kirungu. Kielelezo cha kitambaa kitakuonyesha kipimo cha katikati, kwa hiyo usiiruke hatua hii hata ukiwa na haraka.

Ukishahakiki, kata ngozi ukiacha sentimita 1 ya mshono kila upande. Kata kwa kisu juu ya ubao, ngozi ikiwa imelala uso chini. Mkasi unaisukuma na kuikata mshazari.

Shona uso kwa uso, mishono ya milimita 3 hadi 4. Mishono ya karibukaribu mno inaitoboa ngozi kiasi cha kuichana kama stempu. Kisha fungua mshono, laza kingo huku na huku, uzibandike kwa gundi nyembamba na, kama fundi ana mkono mzuri, apitishe mshono wa pili juu kila upande. Huo unapendeza, lakini faida yake hasa ni kuzuia kingo zisisimame na kukwaruza mpira wa chini. Ukishona kwa mkono tumia msharasi kutoboa kwanza matundu yaliyolingana, halafu sindano mbili zikipishana katika kila tundu. Ni kazi ya jioni nzima, na mshono wake ukikatika mahali pamoja haufumuki wote.

Mpe fundi siti maelekezo mawili tu bila kumwachia nafasi ya kukisia: mshono mkuu ukae nyuma, upande ambao dereva hauoni kwa urahisi, na tundu la juu liwe dogo kiasi cha kukaza shingo ya liva.

Hatua ya sita: funga kwenye fremu

Ligeuze kava na fremu chini juu. Anza katikati ya kila upande, mbele kwanza kwa kufuata mshale wa chaki, kisha nyuma, kisha kulia na kushoto. Kona ziwe za mwisho. Ukianza na kona, makunyanzi yote yatakusanyika katikati na hutayatoa tena.

Fremu yenye vidole vya plastiki: toboa ngozi matundu madogo na uivike. Fremu ya pini: tumia pini fupi, zisije zikatokea upande wa mbele. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, iache ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike. Lakini usiitegemee gundi peke yake. Gari lililofungwa juani hapa mjini linapata joto la kulainisha gundi hiyo, na ngozi inayovutwa kila siku itaachia taratibu. Gundi ishike, pini au vidole vibebe mzigo.

Hatua ya saba: shingo ya juu

Kuna siri ndogo hapa inayofanya kazi ionekane ya kiwandani. Usilivike kava likiwa limetazama nje halafu ukafunga tai ya plastiki juu yake. Tai itaonekana na ncha yake itakukwaruza mkono. Lipitishe kwenye liva likiwa limegeuzwa nje-ndani, fremu ikiwa juu na tundu dogo likiwa chini, yaani lile litakaloishia chini ya kirungu. Kaza tundu hilo kwenye shingo ya kirungu au ya liva kwa tai ya plastiki, kata ncha yake bapa kabisa, kisha livute kava lishuke juu ya tai na kujigeuza lenyewe uso nje. Tai inabaki ndani, haionekani. Kwa virungu vinavyozungushwa, kirudishe kirungu kwanza, kikae na namba zake zikiangalia juu sawasawa, ndipo ufunge tai. Ukifunga tai kwanza kisha ukazungusha kirungu, kava zima linajisokota.

Sasa rudisha fremu kwa kuibonyeza kona moja baada ya nyingine hadi kila klipu ilie.

Kujaribu

Injini ikiwa bado imezimwa, kanyaga klachi, ingiza gia zote mara kadhaa hadi rivasi. Kila gia ikae na ibaki ilipo ukiachia mkono. Pete ya rivasi ipande na kushuka yenyewe bila kugusa ngozi. Rudisha betri kama uliichomoa, washa swichi na uangalie taa ya eabegi izime baada ya sekunde chache kama kawaida. Toa mawe. Zunguka mtaani kwa mwendo mdogo kabla hujaingia barabara kubwa, ukisikiliza: gari lililokuwa na mpira uliopasuka litakuwa limetulia ghafla, na hewa ya moto kwenye goti itakuwa imekoma.

Ngozi mpya itaonekana imevimba siku za mwanzo. Itazoea mikunjo yake. Ifute kwa kitambaa kibichi kisha kikavu, na mara mojamoja uipake losheni ya ngozi isiyo na mafuta mengi. Mafuta ya nazi yaache jikoni. Yanakusanya vumbi na kwa joto yanachacha. Ukiegesha kutwa nzima, weka kile kizuia jua cha kioo cha mbele, au hata kitambaa juu ya liva.

Baada ya wiki moja au mbili pandisha kava uone kama tai ya juu bado imekaza, kwa kuwa ngozi mpya hulegea kidogo. Bolti za bamba la chini zipitie tena siku unayobadilisha oili: mpira mpya hujilaza, na bolti zinaweza kuhitaji robo mzunguko zaidi.